Kuwapunguzia wanafunzi wa chuo presha bila kushusha kiwango

Swali: Mimi ni mhadhiri msaidizi, nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, darasa la wanafunzi 240. Muhula uliopita zaidi ya theluthi moja walianguka mtihani wa mwisho. Wengi hawalali, wawili walikuja ofisini kwangu wakilia, na mmoja ameacha kabisa kuja darasani. Nilipopendekeza tubadilishe namna ya kutahini, wakubwa wangu walisema chuo ni cha wanaoweza, na kwamba tukilegeza tutatoa wahitimu hafifu. Mimi sikusomea ualimu. Je, kuna njia ya kuwapunguzia presha bila kushusha kiwango? Na nianzie wapi nikiwa peke yangu?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, njia ipo, na mengi yake unaweza kuyafanya ukiwa peke yako. Lakini kabla ya kuzungumzia mitihani na ufundishaji kuna jambo ambalo haliwezi kungoja muhula ujao: yule mwanafunzi aliyeacha kuja.

Mtafute wiki hii. Tangazo la jumla kwa watoro halitamfikia. Mwandikie ujumbe wake mwenyewe, mfupi, usio na kitisho: umeona hayupo, hujamkasirikia, na ungependa kujua anaendeleaje. Akija, msikilize kwanza, na habari za alama ziache mpaka azitaje yeye. Ukihisi kakata tamaa ya maisha, muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Wengi huogopa kuuliza wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo imechunguzwa na wataalamu wa afya ya akili, na hawakukuta kwamba kuuliza kunazidisha hatari. Akikiri kwamba amefikiria, usimwache peke yake na namba ya simu mkononi. Mpeleke mwenyewe kwa mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya. Wewe si tabibu, na hakuna anayekutaka uwe. Unatakiwa umwone na umfikishe.

Nimeanza na huyo kwa sababu hayuko peke yake. Utafiti uliofanywa chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2018 uliwahoji karibu wanafunzi 14,000 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 19 vya nchi nane. Asilimia 35 walionyesha dalili za kuwahi kupata angalau tatizo moja la afya ya akili. Kwa wanafunzi wa udaktari, uchambuzi wa 2016 uliokusanya tafiti za nchi 47 ulikuta asilimia 27 wana sonona au dalili zake. Siamini kabisa maneno ya kwamba kizazi hiki ni laini. Katika darasa lako la watu 240 kuna makumi ya vijana walioingia chuoni tayari wamebeba mzigo mzito, na kozi yako moja haiwezi kuuondoa. Inaweza, hata hivyo, kuacha kuwaongezea mzigo usio na faida yoyote kwa elimu yao.

Sasa nije kwa wakubwa wako. Wanachanganya ugumu wa somo na presha ya kulisoma. Takwimu ni somo gumu, na libaki gumu. Anayetaka kuelewa uwezekano lazima aumize kichwa. Lakini ukiwasikiliza vizuri wanaolia ofisini, nadra utasikia wakilalamikia ugumu huo. Utasikia kwamba hawajui hasa wanatakiwa kuweza nini. Hawajui wamefika wapi mpaka matokeo yabandikwe. Na hatima yao yote imewekwa kwenye saa tatu za mwisho wa muhula. Hayo hayatoki ndani ya takwimu. Yametokana na jinsi kozi ilivyopangwa, na kozi tunaipanga sisi.

Ningeanzia kwenye mtihani, maana ndio unaoamua mwanafunzi asome vipi. Tangu miaka ya 1970, Ference Marton na Roger Säljö wa Chuo Kikuu cha Göteborg nchini Sweden walionyesha kwamba wanafunzi wawili wanaweza kusoma andiko moja kwa namna mbili tofauti kabisa: mmoja anatafuta maana, mwingine anakusanya vipande vya kukariri. Walionyesha pia kwamba namna ya kusoma inafuata aina ya maswali ambayo msomaji anatarajia kuulizwa. Kwa hiyo ukitunga swali la "kokotoa wastani wa namba hizi kumi", umeomba kukariri, nawe utapewa kukariri. Ukiuliza, "Kampuni inatangaza wastani wa mishahara yake, lakini wafanyakazi wengi wanapata chini ya kiasi hicho; inawezekanaje, na ungeiomba kampuni ikuonyeshe namba gani nyingine?", umeomba kuelewa. Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza. Ila halimlazimishi mtu kukesha, kwa sababu kukesha hakumsaidii kulijibu.

Hilo la kukesha nalikazia, kwa sababu wanafunzi hawalali wakiamini kwa dhati kwamba wanajisaidia. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mhadhiri alijue. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi. Baadhi wakapewa nafasi ya kukisoma tena, wengine wakaandika kila walichokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kijana anayepitia daftari lake mara ya nne saa nane za usiku anapata ile hisia ya dakika tano na kuidhania elimu. Hakuna aliyemwambia. Mwambie wewe, mhadhara wa kwanza kabisa, na uwaonyeshe hizo namba; ni wanafunzi wa takwimu, wataziheshimu.

Kisha uifanye kozi yenyewe iwapime. Kila wiki, siku ileile, jaribio la dakika kumi lenye maswali matatu au manne, na angalau moja litoke kwenye mada za wiki za nyuma. Uzito wa kila jaribio uwe mdogo, asilimia mbili hivi, na uhesabu bora nane kati ya kumi, ili aliyeugua au aliyefiwa asihitaji kukuletea barua na kukubembeleza. Kuwa mwangalifu hapa: jaribio la kila wiki lenye uzito mkubwa ni presha mpya yenye jina zuri. Tathmini endelevu imeharibika sehemu nyingi kwa sababu hiyo. Mwanafunzi aliyekuwa na hofu ya mtihani mmoja sasa ana hofu kumi. Linalosaidia ni uzito mdogo, siku inayojulikana, na majibu kupatikana mara moja. Kuhusu usahihishaji, usijiue kwa karatasi 240. Andika majibu ubaoni mara jaribio linapoisha, kila mmoja asahihishe ya kwake kwa kalamu ya rangi nyingine, nawe utoe alama kwa kufanya na kusahihisha kwa ukamilifu. Wapo watakaodanganya. Watadanganyia asilimia mbili, na mtihani wa mwisho utawakuta hawajajua.

Kwa kazi ndefu zaidi, fanya hivi: chukua karatasi 30 bila kuchagua, zisome kwa makini, kisha uandike ukurasa mmoja wa makosa matano yaliyojirudia, kila moja na jibu lililo sawa. Wape wote kabla hujawapa alama. Mwanafunzi akishaona alama, maoni hayasomi tena.

Lingine halina gharama yoyote. Toa mwongozo wa usahihishaji kabla ya kazi, sio baada yake. Waonyeshe jibu la daraja la juu na jibu lililopita kwa shida, na useme tofauti iko wapi. Wenzako wengine watasema huko ni kuvujisha. Siri inayofaa kutunzwa ni maswali ya mtihani. Kipimo cha jibu zuri hakikupaswa kuwa siri hata siku moja, na anayeumizwa zaidi na usiri huo ni mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna aliyepita chuo akamweleza walimu wanataka nini.

Sasa darasani. Umesema hukusomea ualimu, na nasikia unaliona kama upungufu wako. Wahadhiri wengi duniani wako hivyo hivyo: tunaajiriwa kwa shahada zetu za utafiti, tunapewa chaki na ratiba, tunafundisha kama tulivyofundishwa. Lakini sikiliza kilichotokea Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Madarasa mawili ya fizikia, kila moja na wanafunzi zaidi ya 260, kwa wiki moja tu yalifundishwa tofauti. La kwanza lilikuwa na mhadhiri mzoefu, anayependwa na wanafunzi, akihadhiri kwa namna ya kawaida. La pili lilipewa walimu wasio na uzoefu huo ila waliofunzwa njia ya ushirikishaji: wanafunzi wanasoma kidogo kabla, kisha muda wa darasani wanatumia kujibu maswali, kujadiliana na kurekebishwa hapo hapo. Mwisho wa wiki wote walifanya jaribio moja. Darasa la mzoefu lilipata wastani wa asilimia 41, la wageni wa kazi asilimia 74. Kazi hiyo ilichapishwa 2011 katika jarida la Science na Louis Deslauriers, Ellen Schelew na Carl Wieman, ambaye alishapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001 na kisha akaelekeza nguvu zake kwenye ufundishaji wa sayansi chuoni. Miaka mitatu baadaye Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati. Katika madarasa ya mihadhara mitupu walioanguka walikuwa wastani wa asilimia 33.8, kwenye madarasa ya ushirikishaji, asilimia 21.8. Tazama namba ya kwanza na uikumbuke theluthi yako. Kuna uwezekano mkubwa kwamba unaona matokeo ya njia ya kufundisha, na watu wanayasoma kama akili za wanafunzi.

Nikuonyeshe kwa mfano wa somo lako. Umeshaeleza wastani, na umeeleza alama ya katikati, ile inayogawa darasa nusu kwa nusu. Weka swali hili ubaoni: "Wanafunzi tisa wamefanya jaribio. Aliyeongoza alipata 80. Karatasi yake imesahihishwa upya, sasa ana 98. Je, kitakachobadilika ni (1) wastani tu, (2) alama ya katikati tu, (3) vyote viwili, au (4) hakuna?" Wape dakika moja ya ukimya, kila mtu aandike jibu lake. Kisha waonyeshe kwa vidole, mkono ukiwa kifuani, ili wewe uone na jirani asione. Utaona (1) na (3) zimejaa. Usiseme lolote. Waambie, "Mgeukie mwenzako aliyejibu tofauti, mshawishi." Dakika mbili za kelele. Pigeni kura tena. Wengi watakuwa wamehamia (1), kwa sababu aliyeelewa dakika kumi zilizopita bado anakumbuka alipokuwa amekwama, na anajua kumkwamua mwenzake kuliko wewe uliyeelewa miaka mingi nyuma. Ndipo unamalizia: alama 18 zilizoongezeka zimegawanywa kwa watu tisa, wastani umepanda kwa mbili; aliye katikati bado ni yuleyule. Njia hii aliiendeleza Eric Mazur wa Harvard tangu 1991, na kanuni yake ni rahisi: kura ya kwanza ikiwa na majibu sahihi chini ya asilimia 30, eleza upya; ikizidi 70, songa mbele; ikiwa katikati, waache wajadiliane.

Angalia hapo presha imeenda wapi. Kijana amekosea mbele ya jirani mmoja, bila alama kupotea, na amejua alipokosea siku hiyohiyo, badala ya kungoja wiki kumi na tano. Muhula mzima anakosea na kurekebishwa mara nyingi, na anaingia chumba cha mtihani akijua alipo imara na alipo dhaifu. Anaweza kulala.

Nakutahadharisha juu ya jambo moja lisije likakuvunja moyo. Mwanzoni watalalamika. Mwaka 2019 Deslauriers na wenzake, safari hii wakiwa Harvard, walikuta kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa ushirikishaji walijifunza zaidi lakini walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo wanausoma kama kutoelewa. Waeleze mapema kwa nini unafanya hivyo. Kama idara yako inapima wahadhiri kwa fomu za maoni ya wanafunzi peke yake, mwambie mkuu wa idara mapema pia, ili alama zako zikiyumba wiki za kwanza asishtuke.

Kuna presha ambayo huwezi kuiona ukiwa ndani ya kozi yako tu. Mfumo wa vyuo vya Ulaya unahesabu mwaka mzima wa masomo kuwa krediti 60, na kila krediti ni kati ya saa 25 na 30 za kazi ya mwanafunzi, mihadhara na kujisomea vikiwa humo. Kozi ya krediti sita, basi, ni saa 150 hadi 180. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inamlazimisha mwalimu ahesabu. Kaa na karatasi uandike: mihadhara saa ngapi, kusoma sura moja ya kitabu saa ngapi kwa mtu anayesoma mara ya kwanza, kila zoezi saa ngapi. Kama wewe unalimaliza zoezi kwa nusu saa, mwanafunzi wako anahitaji saa moja na nusu, pengine mbili. Ukimaliza, waombe walimu wengine wa mwaka wa kwanza mkae saa moja tu, kila mmoja aandike kwenye kalenda moja tarehe za kazi na majaribio yake. Mtakuta wiki tupu, na wiki moja ambamo kozi tano zinadai kazi kubwa ndani ya siku tatu. Hakuna aliyekusudia. Kuhamisha tarehe mbili hakuhitaji kikao cha seneti.

Uliza pia kama idara yenu inapanga alama kwa kulinganisha wanafunzi wao kwa wao, yaani asilimia fulani tu wapate daraja la juu hata kama wote wamefanya vizuri. Kama ndivyo, pingana nalo kila unapopata nafasi. Utaratibu huo unamfanya mwanafunzi amfiche mwenzake daftari, na unaua majadiliano niliyoyaeleza hapo juu. Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Virginia kiliacha madaraja ya herufi katika miaka miwili ya kwanza kikabakiza kufaulu na kutofaulu. Ripoti iliyochapishwa 2009 ilisema hali ya kiakili ya wanafunzi iliimarika, huku ufaulu wao katika kozi na katika mitihani ya leseni ukibaki vilevile. Na hao ni madaktari watarajiwa, ambao hakuna anayetaka kiwango chao kishuke.

Utawaambia nini wakubwa? Usianze kwa kubishana juu ya huruma. Mtazunguka pale pale. Waambie hivi: mtihani wa mwisho utabaki na ugumu uleule, alama ya kufaulu ileile, na mwalimu mwingine atasahihisha sehemu ya karatasi bila kujua majina wala zimetoka muhula gani. Wakifaulu wengi zaidi kwenye mtihani huo, kiwango kitakuwa kimepanda, na wao watakuwa na ushahidi mkononi. Kiwango kinalindwa na aina ya maswali na ukali wa usahihishaji. Idadi ya walioanguka hailindi chochote; unaweza kuangusha nusu ya darasa kwa mtihani mbovu, na nusu iliyobaki ikatoka haijui kitu.

Muhula ujao fanya mambo mawili tu: jaribio la dakika kumi kila wiki, na swali moja la kupigiwa kura katika kila mhadhara. Kutunga swali zuri moja kunaweza kukuchukua jioni nzima mwanzoni, kwa hiyo usijipangie matano. Kama kanuni za chuo zimefunga uzito wa mtihani wa mwisho, majaribio yaingize ndani ya alama za kazi za muhula, ambako kwa kawaida mwalimu ana uhuru zaidi. Kalenda ya pamoja na mabadiliko ya madaraja viache kwa muhula unaofuata, ukiwa umeshapata mwenzako mmoja au wawili wa kusimama nao.

Na kabla karatasi za muhula uliopita hazijapelekwa stoo, zipitie swali kwa swali na uandike wangapi walipata kila moja. Bila rekodi hiyo hutakuwa na cha kulinganisha, na utajua pia theluthi ile ilianguka kwenye mada zipi hasa. Mara nyingi ni mada mbili au tatu, na ndizo za kuandalia maswali yako ya kwanza.